Aliyesoma Tangazo la Bwana Shauri

Saint Paul, Minnesota
12 Januari 2025

Dada yangu Haika,

Bwana asifiwe. Huku sisi ni wazima, ingawa baridi ya wiki hii imeua betri ya gari mara mbili, na juzi nilifika kazini Plymouth kwa kuomba lifti kwa Mmeksiko ninayekagua naye mirija ya hospitali kiwandani. Wifi yako Victoria anakusalimu na anauliza goti limeitikiaje ile dawa. Laurencia wetu ametimiza miaka kumi na minne. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kwa adabu, kama karani wa benki. Je, ng'ombe amezaa?

Nakuandikia kwa sababu simu yako inakaa sebuleni na kila anayepita anaiweka sauti kubwa. Hili ni letu wawili.

Unajua nafundisha darasa la kipaimara katika usharika wetu wa Waswahili hapa Frogtown. Wazungu wakimaliza ibada yao, sisi tunaingia saa nane mchana. Nina watoto kumi na mmoja. Shuleni wamejazwa kwamba walowezi wa Amerika walimwasi mfalme wa Uingereza kwa ajili ya kodi ya chai. Chai, Dada! Kana kwamba watu huacha mashamba wakaenda kufa kwa sababu ya kikombe. Nimeamua kuwafundisha sababu yenyewe, kwa jicho la Mkristo. Mfalme alivunja mabaraza yao, akaweka mahakimu wanaokula mkononi mwake, akajaza askari mijini, na walipomwandikia kwa unyenyekevu aliwapa kisogo. Ndipo wakaulizana makanisani: Mkristo anaweza kumkatalia mtawala tuliyeambiwa kwamba amewekwa na Mungu? Hilo ndilo somo. Wala siwapaki mafuta walowezi. Nawaambia watoto kwamba baadhi ya waliolia wamefanywa watumwa walikuwa na watumwa jikoni mwao, na Mungu alisikia vilio vyote viwili.

Sasa wazee wa kanisa wamenigeuka. Walewale walionipigia makofi mwezi wa kumi na mbili! Mzee Gaudens alisimama barazani akasema, "Mwalimu, wewe unawafundisha watoto kuasi kama unavyowafundisha pambio." Nikawatazama wenzake wanitetee. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mtihani wa kipaimara ni tarehe 1 Juni, mbele ya washarika wote. Siku hiyo nitawajibu kwa Baba. Nitasimulia Jumapili ile ya mwaka 1958, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alipopeleka kanisani tangazo kwamba mikutano ya wadai uhuru ni marufuku, na kila anayewajua waliohudhuria apeleke majina. Mwinjilisti Ndekirwa, baba yetu, akalikunja mbele ya watu na kusema madhabahu si ofisi ya serikali. Mmisionari wa usharika akamfukuza kwa barua, akakaa bila kazi miezi sita mpaka mmisionari huyohuyo aliposhikwa na aibu akamrudisha. Wewe ndiye uliyenisimulia. Nimeiandika magazetini na katika vijitabu vyangu kwa miaka ishirini, lakini sijawahi kuishika hiyo barua mkononi. Iko katika sanduku la bati la Baba. Naomba uitume kwa mtu anayesafiri. Nataka watoto waione kwa macho.

Mdogo wako,
Tumsifu


Machame
20 Februari 2025

Mdogo wangu Tumsifu,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Barua yako imenifikia baada ya wiki tano. Kijana wa posta anasema ilikwenda kwanza Mchinga, huko Lindi. Goti ni lilelile. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kifuani. Kahawa ya mwaka huu ni ya kutazama tu. Mwambie wifi nimepata vitenge alivyoagiza, na Laurencia mwambie shangazi yake anajua Kiingereza pia, nilikifundisha miaka thelathini, kwa hiyo aniandikie chochote.

Kuhusu sanduku: ufunguo sijauona tangu tulipopaka rangi chumba cha Baba. Na mchwa walikuwa wameshaanza pembeni. Sijui kama kuna kitu cha kusomeka humo.

Lakini mdogo wangu, nimelifundisha somo la historia kwa muda mrefu kuliko wewe. Walowezi wa Amerika wanatosha wenyewe. Waambie watoto habari za wale wachungaji walioapa kumwombea mfalme kila Jumapili, na wengine wakafunga makanisa kwa kuwa hawakuweza kuvunja kiapo wala kusema ile sala mbele ya watu wao. Hayo ni mazito tosha kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Baba mwache apumzike.

Huyo Gaudens unayemtaja ni wa nani? Mwenyeji wa wapi?

Dada yako,
Haika


Saint Paul
16 Machi 2025

Dada,

Shikamoo, na hongera kwa ndama. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara ya University imejaa mashimo ya kumeza tairi. Victoria amehamishiwa kikazi, zamu za usiku, hospitali ya karibu na uwanja wa ndege, Bloomington, kwa hiyo sasa tunaonana jikoni kama majirani.

Vunja kufuli. Nakuheshimu, lakini vunja kufuli. Bati la sanduku halizidi nguvu za nyundo.

Darasa limekolea. Juzi niliwagawa, nusu wawe upande wa mfalme na nusu upande wa walowezi. Wambui, yule binti wa Kikenya mwenye ulimi mkali, akaniuliza, "Mwalimu, hao waliompenda mfalme nao walikuwa wanaomba kabla ya kula?" Nikasema ndiyo. "Sasa Mungu alikuwa anajibu nani?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia Mungu hapigi kura. Huwauliza watu walimfanyia nini jirani. Sikuridhika. Naye hakuridhika, nilimwona anavyokunja midomo.

Umeuliza Gaudens ni wa nani. Shika kiti! Ni wa kwetu. Ni mtoto wa Mwinjilisti Elingaya, aliyekuwa mwinjilisti wa usharika wetu kabla ya Baba kupewa kazi. Elingaya aliondoka mwaka uleule wa 1958, akaenda Rombo, akawa Mkatoliki na watoto wake wote. Ndiyo maana huyu anaitwa Gaudens. Amerudi Ulutheri uzeeni kwa kumfuata mkewe Tumpe. Hesabu ni nyepesi. Bwana Shauri alipobana, Elingaya alikimbia kundi, Baba akabaki kusimama. Na sasa mtoto wa aliyekimbia ananizuia mimi kufundisha watoto ujasiri!

Nimeandika waraka wa kurasa tatu na kuwagawia washarika mlangoni. Nimeuliza waziwazi kama mtu aliyezaliwa na mkimbizi wa dhamiri anaweza kuwa mlinzi wa dhamiri za watoto wetu. Mchungaji amenuna. Anune. Mzee Gaudens aliupokea, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa koti na kunishukuru. Kunishukuru! Hawa watu wana unafiki wa kiwango cha juu.

Barua, Dada. Tumpe anakuja likizo Moshi baada ya Pasaka. Ndiyo, mke wa huyohuyo. Lakini ni mwanamke mwema na atabeba bahasha.

Tumsifu


Machame
2 Mei 2025

Tumsifu,

Nimeandika barua hii mara nne. Nimemaliza salamu kila mara na kuchana karatasi, kwa hiyo leo naziacha. Sote tu hai.

Ufunguo haukupotea. Upo shingoni mwangu tangu Baba alipofariki.

Barua unayoitaka ipo na ninaituma pamoja na hii. Utaiona ni nzima, mchwa hawakuigusa. Inamfukuza kazi Mwinjilisti Elingaya, siyo Baba. Soma tarehe, soma jina. Kisha tazama mwandiko. Unaujua, ndio uliokufunza herufi. Mmisionari yule hakujua Kiswahili cha kuandika, akamwita Baba aandike, na Baba akabaki na nakala.

Elingaya ndiye aliyelikunja tangazo. Baba alikuwa msaidizi wake, amekaa benchi la mbele. Mmisionari alimwashiria kwa kidole, Baba akasimama, akalinyoosha lile tangazo, akalisoma mpaka mwisho. Wiki ile akapeleka majina. La kwanza lilikuwa la Elingaya. Mwezi uliofuata tukahamia nyumba ya usharika, hii ninayokuandikia, na Elingaya akatoka na watoto sita na masufuria. Mama aliniambia haya alipokuwa anakufa, wewe ukiwa bado mchanga. Baba sikumwuliza kamwe.

Ulikuwa na miaka minane ulipokuja kutoka shule unalia, watoto wamekuambia baba yako alikuwa mtu wa Mwingereza. Nilikuwa na wewe jikoni. Nilichukua hadithi ya Elingaya nikamvika Baba. Ulinyamaza, ukala. Nilidhani utaisahau.

Sasa usharika wetu umejenga jengo la shule ya Jumapili na kwa sababu ya makala zako limepewa jina la Baba. Bango limeshachorwa. Nakuomba wafundishe watoto wa huko habari za mfalme wao na chai yao. Haya yaishie kwetu.

Haika


Saint Paul
18 Mei 2025

Haika,

Sina salamu. Hii inakuja kwa mkono wa msafiri anayeondoka kesho.

Tumpe alinikabidhi bahasha kanisani, mumewe amesimama pembeni ameshika mwavuli wake. Niliifungulia garini. Nimeitazama ile herufi "k" ya Baba, yenye mkia, nikajua kwamba miaka ishirini nimekuwa nikigonga meza za watu kwa mkono wa uongo. Nimewaita watu wazima vibaraka. Nimemwita profesa mmoja mjukuu wa vibaraka, gazetini! Ulisoma kila makala. Ulinijibu, "Umeandika vizuri, mdogo wangu." Uliniacha niende mbele za watu uchi, ukanisifu nguo.

Unasema nilikuwa na miaka minane. Na nilipokuwa na ishirini? Na arobaini? Na mwezi wa pili mwaka huu, uliponiandikia habari za mchwa?

Nimekwenda Plymouth, nyumbani kwa mtoto wa Mzee Gaudens, anakoishi yeye. Mzee alinifungulia mlango akiwa na soksi na sweta la kanisa. Sikuvua hata koti. Nilimpa ile barua. Aliisoma amesimama, kisha akaniambia, "Kaa, Mwalimu, utaanguka."

Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza uliposema wewe ni wa Ndekirwa."

"Mbona hukusema?"

"Wewe huwa unampa mtu nafasi ya kusema?" Akacheka, Haika. Akacheka kwa meno yake matatu ya mbele. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Nikamwomba radhi kwa ule waraka. Akasema waraka una Kiswahili kizuri, Tumpe aliusoma mara mbili. Nikamwuliza ilikuwaje yeye, mtoto wa Elingaya, apinge somo langu. Hapo akaacha kucheka. Aliniambia, "Nilikuwa na miaka saba. Nilibeba sufuria kichwani, likiwa na masizi, likanichafua macho. Tulilala siku tisa katika banda la mbuzi la mtu wa Rombo. Mdogo wangu alifia humo, kifua. Baba alikuwa sahihi, na Mama hakuzungumza naye mwaka mzima. Halafu nakusikia wewe unawaambia watoto kukataa ni kama kuinua bendera. Nani kati ya walowezi wako alibeba sufuria? Wafundishe huyo. Ukimfundisha huyo, mimi nitakaa kiti cha mbele."

Hakusema neno baya juu ya Baba. Nilimsubiri aseme. Ingekuwa rahisi kwangu.

Tarehe 1 Juni nitasema.

Tumsifu


Machame
26 Mei 2025

Tumsifu,

Nimemwomba kijana wa mchungaji aipige picha barua hii aitume kwa simu, maana posta haitafika kwa wakati. Kwa hiyo ameisoma na yeye, lakini sina njia nyingine.

Ukisema huko saa nane, hapa itajulikana kabla jogoo hajawika. Kuna watu hapa wana ndugu katika kanisa lenu. Mimi ndiye ninayeishi katika nyumba hii. Mimi ndiye ninayekaa benchi lile kila Jumapili. Wewe utawasha gari lako uende zako Plymouth.

Ulikula kwa kazi ile. Karo yangu ya chuo ilitoka kwenye kazi ile, na karo yako ilitoka kwangu. Unafikiri viatu ulivyovaa siku ya kwanza ya sekondari vilitoka wapi? Wewe umechukua vyote, na sasa unataka na usafi pia.

Baba alinibeba mgongoni kwenda hospitali ya misheni nilipougua homa ya uti wa mgongo, usiku kucha, kwa miguu. Hilo nalo ni kweli. Nani atalisema tarehe 1 Juni?

Kama utasimama na kusema, usiniandikie tena.

Haika


Saint Paul
3 Juni 2025

Dada Haika,

Umenikataza kuandika. Naandika. Ukipenda isome, ukipenda iwashie moto. Lazima habari uipate kutoka kwangu kabla ya kwa mtu mwingine, ingawa najua nimechelewa kwa siku mbili na huko mmeshazungumza yote.

Kanisa lilijaa. Watoto walikaa mbele na kanzu nyeupe, Laurencia wa tatu kutoka kulia. Mchungaji aliuliza amri, ungamo, sakramenti. Walijibu vizuri, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza. Kisha akanipa nafasi. Nikauliza, "Walowezi wa Amerika walitaka uhuru kwa nini?" Wambui akasimama akasema mfalme aliwafanyia kama watu wasio na mdomo, na Mungu aliwapa watu mdomo. Washarika wakasema amina. Nikauliza, "Na kukataa kulimgharimu nani?" Akasema, "Wale waliokuwa na watoto wadogo. Na watumwa, maana hakuna aliyewauliza." Hilo la pili sikumfundisha. Mzee Gaudens alikuwa kiti cha mbele, kama alivyoahidi.

Ndipo nikasema. Nilitaja jina la Elingaya na jina la Baba. Nilisema nani alilikunja tangazo na nani alilisoma. Nikasema habari ya sufuria, kwa ruhusa ya mwenyewe. Nikasema pia habari ya wewe kubebwa mgongoni mpaka hospitali. Ulitaka isemwe, nimeisema. Nikawaambia watoto kwamba mtu aliyembeba mtoto wake usiku kucha ndiye aliyepeleka majina, ni mtu mmoja, na mimi ni mtoto wake. Baadhi ya watu hawakunipa mkono mlangoni. Mzee mmoja wa Moshi alisema kwa sauti, makusudi, "Huyu amemzika baba yake mara ya pili." Nimemwandikia mchungaji wenu pia, waondoe jina kwenye lile jengo. Sikukuficha.

Bado nina hasira na wewe. Naamka nayo. Nilitaka barua hii iwe ya kukumaliza. Nilikuwa na maneno yake, unajua sikosi maneno.

Lakini tulipokuwa garini, Laurencia aliniuliza kutoka nyuma, na safari hii kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta kila neno: "Baba, nani alikuambia uongo ule ulipokuwa mdogo?"

Nilimtazama kwenye kioo. Anakupenda. Ameanza kukuandikia barua, iko mezani, hajaimaliza.

Nikasema, "Hakuna mtu. Niliota mwenyewe, watoto huota."

Akasema, "Oh," akatazama nje, akaridhika. Nilikuwa nimetoka madhabahuni dakika ishirini zilizopita, Dada, bado nina tai shingoni. Ilinitoka kirahisi hivyo.

Tumsifu